Kisu kutoka chuma cha springi: kukichagua, kukigumisha na kukituliza

Kila anayeanza kutengeneza visu huishia kwenye springi ya gari, na maswali yake huwa ni yale yale. Springi ipi inafaa? Nizamishe kwenye maji au kwenye mafuta? Mbona kisu kilikuwa kimenyooka, kikatoka kwenye mafuta kimepinda? Mwongozo huu unayajibu kwa mfuatano wa kazi, tangu chuma kikiwa na kutu hadi kisu kinanolewa.

Shika mambo mawili kabla ya kuwasha moto. La kwanza: springi uliyonayo ilishagumishwa kiwandani, kisha ikapashwa tena hadi kati ya nyuzi 400 na 500 za Selsiasi ili iweze kukunjika na kurudi. Ugumu wake kwa kawaida ni 40 na kitu kwenye kipimo cha Rockwell C, ambacho huandikwa HRC. Kisu kinataka 55 hadi 60. Ukiikata tu kwa grainda na kuinoa utapata kifaa cha kufyekea majani, na makali yake hayatadumu. Kwa hiyo ule ugumu wa kiwandani unafutwa, kazi inaanza upya.

La pili: springi haijaandikwa jina. Kwa macho huwezi kujua ni chuma gani hasa, na watengenezaji hubadilisha aina kadiri ya gari na mwaka. Namba zote za nyuzi joto utakazosoma humu ni mahali pa kuanzia. Jibu la chuma chako litatoka kwenye kipande cha majaribio.

Mahitaji

- Tanuri la mkaa lenye blowa au mivukuto, au la gesi. Kwa tanuri la mkaa tafuta pia bomba la chuma linaloweza kumeza kisu kizima.
- Koleo refu na nyundo. Fuawe ni lazima tu kama utafua.
- Sumaku iliyofungwa kwenye waya au fimbo ndefu ya chuma.
- Mafuta ya mimea ya kupikia: lita 4 au 5 kwa kisu kifupi, 10 au zaidi kwa kisu kikubwa. Yawe ndani ya chombo kirefu cha chuma chenye mfuniko wa chuma. Plastiki isikaribie kazi hii.
- Tupa mbili, ya kazi na nyingine mpya ambayo hutumii kwa lolote isipokuwa kupima.
- Grainda, keekee, jiriwa, na msasa wa namba 80, 120 na 220.
- Ndoo ya chuma iliyojaa majivu makavu.
- Oveni, pamoja na kipimajoto cha pembeni. Namba zilizo kwenye kitufe cha oveni usiziamini, kwani oveni nyingi hupanda na kushuka nyuzi 20 au zaidi bila kukuambia.
- Miwani ya kinga, barakoa, glavu za ngozi, viatu vilivyofunika mguu wote, na nguo za pamba. Nguo za nailoni huyeyukia mwilini.

Mafuta ya injini yaliyotumika hayamo kwenye orodha hii kwa makusudi. Moshi wake una uchafu wa metali na kemikali za viongezi, na kasi yake ya kupoza haitabiriki. Mafuta ya mimea ni safi zaidi na yanatosha kabisa kwa chuma hiki.

Springi ipi?

Anayeanza achukue springi ya bapa, zile za mabamba yaliyopangwa chini ya lori au pikapu. Tayari ni bapa, kwa hiyo hata asiye na fuawe anaweza kuikata kwa grainda na kuichonga. Nyingi ni za kundi moja: 5160 kwa namba za Marekani, SUP9 kwa za Japani, 55Cr3 kwa za Ulaya. Zote zina kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6 hivi na kromiamu isiyofika asilimia 1. Kromiamu hiyo ndogo haizuii kutu. Kazi yake ni kufanya chuma kigumike kwenye mafuta bila papara, na ndiyo sababu kundi hili humsamehe mwanafunzi.

Jamaa zake ni 51CrV4 na 6150, zenye vanadi kidogo inayosaidia chembe za chuma zibaki ndogo. Kuna pia kundi la silikoni: 9260, 60Si2Mn ya China na EN45 ya Uingereza, lenye silikoni ya karibu asilimia 2. Haya ni magumu kuvunjika na hupendwa kwa visu virefu, ila yanataka moto wa juu zaidi, karibu nyuzi 870, na ngozi yake ya juu hupoteza kaboni haraka ikikaa motoni.

Springi ya koili ni chuma kizuri vilevile, lakini ni fimbo ya mviringo. Bila kufua haikusaidii. Na ikiwa bado imebanwa juu ya shokapu, usiiguse. Ikifyatuka inaua. Mpe fundi mwenye kibanio chake aitoe kwanza.

Springi nyembamba za saa ziache kwa sasa. Huwa ni chuma cha kaboni bila kromiamu, hudai kupozwa kwa kasi kubwa, na wembamba wake hukupotezea joto kabla hujafika kwenye mafuta.

Rai yangu: springi ni bora kwa kisu cha kazi ngumu, cha kukata matawi, kuchinjia na kupasulia. Kwa kisu chembamba cha kuchuna minofu, au kwa kisu unachotaka kumuuzia mtu kwa dhamana, nunua bapa jipya ambalo muuzaji anaweza kulitaja kwa namba.

Hatua kwa hatua

1. Kagua nyufa. Springi ya zamani imekunjwa mara nyingi mno, na uchovu wa chuma huanza kama ufa usioonekana. Usikate kipande karibu na tundu la boliti ya katikati, mahali palipobanwa na yuboliti, wala karibu na palipovunjika. Ncha za bapa ndizo huwa na afya. Kwangua rangi na kutu mpaka chuma kionekane, paka mafuta ya taa, acha dakika chache, futa pakauke, kisha paka chaki. Penye ufa mafuta yatapenya na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Ukiuona, tupa kipande hicho. Ufa haufi kwa kufuliwa.

2. Jaribu kipande kidogo. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na nusu ya maswali hutokana nayo. Kata kipande cha upana wa kidole na urefu wa kidole kutoka bapa lile lile. Kipashe mpaka sumaku iache kukishika, ongeza moto kidogo, kizamishe kwenye mafuta ya vuguvugu. Kikipoa, kwangua magamba na upitishe tupa ile mpya. Ikiteleza bila kung'ata, chuma kinagumika. Sasa kibane kwenye jiriwa, kifunike kwa kitambaa kizito, vaa miwani, kivunje kwa nyundo. Kinapaswa kukatika ghafla bila kukunjika.

Tazama sehemu iliyovunjika. Chembe za kijivu kilichofifia, laini machoni, zinaonyesha kwamba moto ulikuwa sawa. Chembe zinazometameta kama sukari ni dalili ya moto kupita kiasi. Punguza, urudie na kipande kingine. Kipande kikikunjika badala ya kukatika, ongeza moto kidogo urudie. Kikikunjika hata baada ya hapo, hicho si chuma cha kisu.

Rudia mpaka uone chembe ndogo, na uikariri ile rangi ya moto uliyotumia. Fanya kazi hii penye kivuli, kwa mwanga uleule utakaoutumia siku ya kisu. Rangi nyekundu inayoonekana iliyokolea gizani haionekani kabisa juani.

3. Lainisha. Pasha bapa mpaka lipite kidogo hatua ya sumaku, lote kwa usawa, kisha lizike haraka ndani ya majivu makavu na uliache hadi kesho yake. Chuma chenye kromiamu kikiachwa kwenye upepo hugumika kiasi, halafu keekee yako inalia bila kutoboa.

4. Toa umbo. Ukifua, fua chuma kikiwa cha rangi ya chungwa iliyokolea. Kikirudi wekundu hafifu, acha kupiga, kirudishe motoni. Nyundo juu ya chuma kinachopoa huzaa nyufa. Upande wa pili wa kosa ni kukiacha mkaani mpaka kinatoa cheche nyeupe. Hapo kimeungua, na hakuna hatua inayokirudisha.

Usipofua, kata kwa grainda ukiacha milimita kadhaa nje ya mstari wako. Mpindo wa asili wa springi unyooshe sasa, kwa moto. Usiusubiri mwishoni.

5. Sawazisha chembe. Kufua kumezikuza na kuzivuruga chembe. Pasha kisu mara 3, kila mara kwa joto lililo chini kidogo ya lililotangulia: karibu nyuzi 870, kisha 820, kisha 770. Kila mara kitoe, kikae kwenye hewa tulivu mpaka weusi urudi na sumaku ikishike. Kisilazwe juu ya chuma baridi wala sakafuni, upande mmoja utapoa haraka na kisu kitapinda. Hata ambaye hakufua afanye hatua hii. Hutoa misongo, yaani nguvu zilizonaswa ndani ya chuma, iliyoachwa na kazi ya springi.

6. Chonga, lakini usimalize. Toboa matundu ya msuka, ile sehemu inayoingia kwenye mpini, sasa, maana baadaye hayatoboki. Makali yabaki na unene wa milimita 1 hadi 1.5. Yakiwa membamba zaidi, yatajikunja mawimbi ndani ya mafuta au kupasuka. Ondoa mikwaruzo mikubwa mpaka msasa wa 120 au 220, hasa inayokatiza kisu kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, kwa kuwa ufa hupenda kuanzia hapo. Kona kali za ndani, pale msuka unapokutana na bapa, zizungushe kwa tupa ya mviringo.

7. Gumisha. Panga kila kitu kwanza, kwa sababu hatua yenyewe ni ya sekunde. Mafuta yapashwe hadi nyuzi 50 au 60, kwa kuzamisha kipande cha chuma cha moto na kukoroga. Mafuta baridi ni mazito na hupoza polepole kuliko ya vuguvugu, jambo ambalo wengi hulikataa mpaka walione. Mfuniko uwe mkononi mwa msaidizi au karibu yako. Hakuna ndoo ya maji karibu: maji juu ya mafuta yanayowaka hurusha moto mpaka darini.

Weka bomba katikati ya mkaa, na kisu ndani ya bomba, ili upepo wa blowa usikipige moja kwa moja. Kisogeze mbele na nyuma. Ncha hupata moto upesi kuliko mgongo, ilinde. Gusisha sumaku mara kwa mara. Inaacha kushika karibu na nyuzi 770, na hapo wengi hukosea kwa kuzamisha papo hapo. Chuma cha kundi la 5160 kinataka karibu nyuzi 830, yaani rangi moja zaidi. Ukitazama vizuri utaona kivuli kikitembea juu ya bapa wakati chuma kinabadilika ndani. Kikiisha chote, uko karibu. Njia nyingine ni chembe ya chumvi ya mezani: huyeyuka kwenye nyuzi 801, hivyo ikiyeyuka juu ya bapa umepita hapo.

Joto likiwa sawa kisu kizima, kishikilie hapo dakika kadhaa kama tanuri lako linatulia. Kwenye mkaa usiotulia, dakika 1 au 2 zinatosha. Kisha kitoe na ukizamishe wima, ncha ikitangulia, chote kwa mkupuo mmoja. Kutoka motoni hadi mafutani zisizidi sekunde 2 au 3. Kisu kilichozama nusu ndicho kinachowasha mafuta. Kisogeze juu na chini, au mbele na nyuma kwa mwelekeo wa makali. Kukikoroga kushoto na kulia hupoza upande mmoja kabla ya mwingine, na hapo ndipo visu hupinda.

Mchemko ukitulia, baada ya sekunde 10 hivi, kitoe kikiwa bado kinafuka moshi. Una muda mfupi ambapo bado kinakubali kunyooshwa. Tazama mgongo wake. Kama umepinda, ubane kati ya mbao mbili kwenye jiriwa, au unyooshe kwa mikono yenye glavu. Kikishafika joto ambalo mkono mtupu unavumilia, acha. Kuanzia hapo kitavunjika.

Maji usiyatumie. Chuma hiki hakihitaji kasi hiyo, na ule mlio mdogo utakaousikia ni wa kisu kupasuka.

8. Pima kwa tupa. Kwangua magamba kwanza. Ngozi ya juu kabisa huwa imepoteza kaboni, kwa hiyo tupa ikiuma kidogo mwanzoni usikate tamaa, pitisha tena mahali hapo hapo. Ikianza kuteleza, umefaulu. Pima kuanzia ncha hadi karibu na mpini.

9. Tuliza, siku hiyo hiyo. Kisu kilichotoka kwenye mafuta ni kigumu kupita kiasi na kimejaa msongo. Kikianguka sakafuni hukatika, na wakati mwingine hupasuka chenyewe usiku kikiwa mezani. Kikipoa tu, kiingize kwenye oveni. Kilaze ndani ya sinia la mchanga ili kupanda na kushuka kwa joto kusikifikie. Saa 2, kitoe kipoe kabisa, kisha saa 2 tena.

Kwa kisu cha jikoni anza na nyuzi 190 hadi 200. Kwa kisu cha kazi za kawaida, 205 hadi 215, ambako ugumu huangukia kwenye 57 au 58 hivi kwa 5160. Kisu kizito cha kukatia kwa kupiga kipeleke 230 hadi 250. Usiingie kati ya nyuzi 260 na 370: ni ukanda ambao chuma hiki hupoteza ugumu na papo hapo huwa rahisi kuvunjika, hasara pande zote mbili.

Asiye na oveni hutazama rangi. Ng'arisha bapa, kipashe polepole juu ya kipande kinene cha chuma cha moto, mgongo ukiwa chini. Manjano hafifu ni karibu nyuzi 205, manjano iliyokolea karibu 225, kahawia karibu 255. Rangi unayoitaka ikifika kwenye makali, poza majini. Katika hatua hii maji hayana madhara. Njia hii inafanya kazi, lakini rangi hudanganya kwa sababu hutegemea muda pia. Ukiweza kupata oveni, itumie.

10. Malizia na ujaribu makali. Chonga ukichovya majini kila baada ya mpito mmoja, mkono mtupu kwenye bapa ili uhisi joto. Makali yakigeuka bluu, sehemu hiyo imelainika na hakuna dawa zaidi ya kuichonga yote iishe au kurudia kutoka hatua ya 7. Baada ya kunoa, weka makali juu ya fimbo ya shaba ya manjano kwa pembe ndogo, bonyeza, vuta. Yanapaswa kujikunja kidogo na kurudi.

Kikienda kombo

*Tupa inauma kila mahali.* Moto haukutosha, au kisu kilichelewa kufika mafutani. Pasha tena kwa rangi moja zaidi. Ikishindikana na kipande cha majaribio kiligumika, tafuta ngozi iliyopoteza kaboni: chonga sehemu ndogo kwa kina cha nusu milimita, upime hapo.

*Kuna madoa laini.* Magamba mazito au mapovu yaliganda juu ya chuma. Safisha, sawazisha chembe mara 1 kama hatua ya 5, gumisha tena ukikisogeza zaidi ndani ya mafuta.

*Kimepinda na kimeshapoa.* Usikigonge. Kitulize kwanza mzunguko mmoja, kisha kwa mzunguko wa pili kifunge kwenye bapa nene la chuma ukikipinda kidogo upande wa pili, kiingie ovenini hivyo hivyo. Huenda ukarudia.

*Kimepasuka.* Tazama ufa ulipoanzia. Kwenye kona au mkwaruzo, rudi hatua ya 6. Kwenye makali, yalikuwa membamba mno. Ukikuta kutu au weusi ndani ya ufa, ulikuwepo tangu springi ikiwa garini.

*Makali yanajikunja na hayarudi.* Kisu ni laini. Kama tupa iliteleza baada ya mafuta, basi ulikituliza kwa joto kubwa mno au ulikiunguza kwenye grainda.

*Makali yanamomonyoka.* Kabla ya kulaumu ugumu, noa upya mara 2 ukiondoa chuma kidogo. Ukingo wa kwanza mara nyingi ndio ulioungua motoni. Yakiendelea kumomonyoka, kirudishe ovenini kwa nyuzi 15 zaidi, saa 2, ujaribu tena kwenye shaba. Yakimomonyoka hata baada ya nyuzi 250, kivunje utazame chembe: utaikuta sukari, na bapa linalofuata litataka moto mdogo zaidi.